Tuwashe Mbele Yako: Risala ya Wapimaji Umeme wa Nguzo ya Mwisho

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meneja wa Umeme, mama yetu uliyekubali kuacha mapumziko yako ukaja kuketi chini ya turubai letu lenye viraka. Maofisa na mafundi mlioongozana naye. Mwenyekiti wa wakazi. Wazazi, majirani, na ninyi watoto mlioambiwa mshuke kwenye ngazi na bado mko kwenye ngazi: tunawasalimu nyote.

KARIBU UKETI

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuja kutuwashia taa mpya ya uwanja. Watoto wamekwisha gawana sehemu za kuchezea chini ya mwanga wake, na ugomvi wa kwanza umeshaamuliwa ingawa taa yenyewe haijawaka. Mama zetu na dada zetu wanaorudi kazini jioni nao wanaisubiri, maana pale kwenye kona ya bomba la maji kuna shimo ambalo limeshamkamata kila mmoja wao mguu.

Kiti ulichokalia ndicho kizuri kuliko vyote tulivyonavyo. Kimetoka kwa kinyozi wetu. Ukiona kinazunguka, usishtuke, kimezoea kumwonyesha mteja kisogo chake kwenye kioo. Ila ule mpini wa pembeni tunakuomba usiuguse, kwa sababu kitalala, na wewe utalala nacho.

Mezani mbele yako, kando ya maji ya kunywa, kuna kifaa cheupe chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Kimechomekwa kwenye soketi na kinaonyesha namba. Hicho ni kipima volti, tumekiazima kwa fundi cherehani wetu kwa leo. Tunaomba kisichomolewe hata kama mtu anataka kuchaji simu. Tutafika kwake.

TULIKOTOKA

Majengo haya yalijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Siku hizo kila chumba kilikuwa na balbu moja na redio, na mwenye feni alihesabiwa kuwa tajiri. Waya ulioletwa hapa ulitosha na kubaki. Baadaye kiwanda kilifungwa, lakini watu hawakufungwa. Walizaa, wakapangisha, wakaanzisha kazi zao. Leo tuna kinyozi, fundi cherehani, mama wa barafu, fundi wa kuchomelea mageti, na karibu kila mlango una jiko la umeme.

Waya ni uleule. Unatoka kwenye transfoma iliyo ng'ambo ya barabara kuu, unawapitia wenzetu wote, kila mmoja anachota chake, kisha unatufikia sisi tulio kwenye nguzo ya mwisho. Sisi tunapata kilichobaki. Asubuhi watu wakiwa makazini, kinachobaki ni kingi na kitamu. Jioni wakirudi wote pamoja na njaa zao, balbu zetu zinageuka rangi ya chungwa, na feni zinazunguka taratibu kama zinatafuta neno lililopotea.

Tulizoea. Wala tusingekuwa na kikundi chochote cha kukuandikia risala, kama Bibi asingerudi kutoka hospitali na mashine.

Bibi anakaa chumba cha chini, mlango wa kona, ule wenye pazia la buluu. Hana undugu wa damu na yeyote kati yetu, na hakuna hata mmoja hapa anayemwita kwa jina jingine. Alikuwa mpokea simu wa kiwanda, na mpaka leo anatambua nani amepita nje kwa kusikia kikohozi chake. Sasa mapafu yake mwenyewe yamechoka. Daktari alimpa mashine ya oksijeni, ambayo inachomekwa ukutani na kumpa hewa kwa mrija mwembamba. Ni mashine nzuri, ila ina deko. Umeme ukishuka chini ya volti mia mbili hivi, inalia pii, pii, pii, halafu inazima. Bibi anabaki na mtungi wa akiba, na mtungi una mwisho wake.

Jioni ya kwanza ilipolia, fundi cherehani, ambaye ukuta wake ndio ukuta wa Bibi, alitoa kichwa dirishani akapiga kelele:

"Zimeni! Zimeni jamani, Bibi anakosa hewa!"

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Pasi zilichomolewa, majiko yakazimwa, kinyozi akaacha kichwa cha mtu katikati. Ua wote ukawa kimya. Kisha mashine ikaanza tena kunguruma, na muda kidogo baadaye ikasikika sauti ya Bibi kutoka nyuma ya pazia:

"Haya, nimesharudi. Sasa washeni mmoja mmoja, kwa zamu, siyo kama mbuzi waliofunguliwa."

Hapo ndipo kikundi chetu kilipozaliwa.

NAMNA TUNAVYOPIMA BILA KUUMIANA

Mgeni rasmi, hatukuanza vizuri. Mwenyekiti wetu wa usalama tunamwita Injinia Bisibisi, lakini kazi yake halisi ni kupaka rangi nyumba. Alikuwa na ile bisibisi ya kupimia umeme yenye kitaa ndani ya mpini, na alikuwa akichokoa nayo popote penye tundu, miguuni ana kandambili zilizolowa. Siku moja alipanda juu ya ndoo ili afungue kiboksi cha mita, "nione tu ndani kukoje." Mke wake alitoka na mwiko mkononi.

"Shuka."

"Naangalia tu, mke wangu."

"Shuka, nimesema. Ukifa hapo, rangi ya sebule yetu atamalizia nani? Ukuta mmoja una mwaka sasa unakungoja."

Alishuka. Bisibisi ile iko ndani ya sanduku la mke wake, na ufunguo wa sanduku uko mahali ambapo hata kamati haijaambiwa. Tulimchagua yeye kuwa mwenyekiti wa usalama kwa kauli moja, kwa sababu hakuna hatari asiyoijua kwa uzoefu.

Sasa tunazo kanuni, na hata watoto wanazijua. Tunapima kwa kipima cha kuchomeka tu, kilichonunuliwa dukani kikiwa na alama ya ubora, na tunakichomeka kwenye soketi nzima iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Hatufungui kiboksi chochote. Hatugusi waya ulio wazi, hatupandi nguzo, hatuingizi kitu kingine chochote kwenye tundu hata kama mtu ameapa kwamba anajua anachofanya. Mwenye mikono yenye maji anaikausha kwanza. Soketi ikiwa ya moto, au imefanya weusi, au inanuka, haichomekwi kitu, anaitwa fundi.

Ipo kanuni moja zaidi ambayo ilichelewa kutuingia. Ikitokea taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kawaida huku za chumba kingine zinafifia, hatuendelei kupima. Tunazima swichi kuu na kuwapigia ninyi simu. Zamani hatukuijua hii. Taa zilipong'aa hivyo jioni moja, akina mama walipiga vigelegele, wakidhani hatimaye shirika limetukumbuka. Sherehe iliendelea mpaka redio ya kinyozi ilipotoa moshi. Mafundi wenu walikuja wakakuta waya umelegea nguzoni, wakaukaza siku ileile, na kwa hilo tunawashukuru mpaka leo. Redio tumeizika kwa heshima nyuma ya choo.

Vipima vyetu ni vitatu. Kimoja kiko kwa mama wa barafu ghorofa ya juu, kimoja kwa fundi cherehani, na kimoja kiko kwa Bibi, ambaye hukisoma kwa sauti ileile aliyokuwa akiunganishia simu. Hatusubiri tena mashine ilie. Namba ikianza kushuka, aliyeiona anaitangaza dirishani, na madirisha mengine yanapokea.

"Mia mbili na kumi!" anaanza mama wa barafu.

"Huku chini mia mbili na nne!" anajibu fundi cherehani.

"Pasi ya nani hiyo?" anauliza Bibi.

"Yangu, Bibi. Imebaki kola tu."

"Kola ya kwenda wapi saa hizi? Chomoa, mwanangu, kesho utaimalizia."

Jioni moja mpita njia alisimama nje ya geti, akasikiliza namba zinavyoshuka, akashindwa kuvumilia. "Mia mbili na hamsini!" akapaza sauti. Alidhani ni mnada. Tulipotoka kumtazama alikuwa ameshainua mkono, na hadi leo hajui alikuwa anagombea kununua nini.

MAFANIKIO YETU

Tangu tuanze kutangaziana, mashine ya Bibi haijazima hata mara moja tukiwa nyumbani. Hakuna aliyepigwa na umeme. Tumejipangia zamu za kupika: ghorofa ya juu wanaanza, ya kati wanafuata, ya chini wanamalizia, na harufu ya chakula inateremka ngazi kwa utaratibu. Fundi wa mageti amehamishia kazi yake asubuhi kwa hiari yake, ingawa kila anayemfahamu anajua alivyokuwa akiipenda asubuhi kwa ajili ya kulala.

Kinyozi naye ameweka benchi nje ya chumba chake kwa wateja ambao kelele za "Zimeni!" zimewakuta katikati. Tunaliita benchi la nusu kichwa. Kuna kijana alikaa pale siku aliyokuwa anakwenda kujitambulisha kwa wakwe. Upande wa kulia ulikuwa umemalizika, wa kushoto bado, na muda ulikuwa unakimbia.

"Sasa nitafanyaje?" akamuuliza kinyozi, karibu kulia.

Bibi akajibu kutoka ndani, "Nenda ukakae upande wa dirisha. Waonyeshe wa kulia tu."

Alikwenda hivyohivyo, na alikubaliwa. Mke wake yumo humu uwanjani leo, na tumekumbuka sasa hivi kwamba hakuwahi kuambiwa. Tunaomba radhi, shemeji. Mtayamaliza nyumbani.

KOSA LETU LA ADABU

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utusikilize kwa ukaribu.

Mafundi wako wamekuja hapa mara mbili kwa sababu ya malalamiko yetu ya umeme mdogo. Walikuja kwa heshima, wakiwa na vifaa vyao na viatu vyao vya kazi, na wakapima ipasavyo. Tunasema mbele ya watu wote kwamba kosa halikuwa lao.

Mara ya kwanza, Injinia Bisibisi alipita mlango kwa mlango akituagiza: "Wageni wanakuja kupima. Zimeni kila kitu, wasisumbuliwe." Tuliona ni busara. Mtu anapokuja kukupima, hukai unatafuna. Tukazima majiko, tukachomoa pasi, mama wa barafu akazima hata friji lake, na barafu ikaanza kumlilia. Fundi akachomeka chombo chake. Mia mbili thelathini na moja.

Akatabasamu. "Jamani, umeme wenu mzuri kuliko wa kwangu nyumbani."

Nasi tukapiga makofi. Kweli kabisa, Mgeni rasmi, tulipiga makofi. Fundi akaandika "Hakuna tatizo," tukamsindikiza mpaka getini, tukampungia mikono. Tulipogeuka tulimkuta Bibi ametoa kichwa dirishani, mrija puani, macho yamemtoka.

"Mnashangilia nini? Mmemficha mgonjwa chini ya kitanda, halafu mnamwambia daktari humu ndani wote wazima!"

Mara ya pili tulijirekebisha. Hatukuzima kila kitu. Tuliacha kipaza sauti, kwa ajili ya kumkaribisha fundi. Fundi akapima, akaandika tena "Hakuna tatizo." Bibi safari hii alivuta pazia tu.

Na tusikufiche, hata leo adabu imetushinda. Tulipoona gari lako linakata kona, mikono yetu ilikwenda kwenye swichi yenyewe. Ukitazama kifaa kilicho mbele yako sasa hivi, utaona kiko karibu na mia mbili thelathini, na kipaza sauti hiki kinasikika vizuri mpaka kwa jirani. Mgeni rasmi, huo siyo umeme wetu. Huo ni ukarimu wetu.

CHANGAMOTO

Tungeweza kukutajia changamoto nyingi: friji zinazokoroma, balbu zinazokufa changa, cherehani inayoshona kwa kusitasita. Hizo tunaishi nazo. Changamoto iliyotuleta mbele yako ni moja.

Bibi ana mtoto mmoja, dereva wa malori ya safari ndefu. Ni yule aliyesimama kando ya mlango wa pazia la buluu, mwenye shati la kijani. Ni mtu mwema, na tunamwomba asinune tukimtaja. Amejenga nyumba upande wa pili wa mji, jirani kabisa na transfoma, na umeme wake umenyooka kama rula. Anataka mama yake ahamie huko. Ana haki. Sisi kwenye nafasi yake tungetaka hivyohivyo. Mazungumzo yao tumeyasikia kwa sababu kuta zetu ni nyembamba na hakuna aliyeziba masikio.

"Mama, kwangu mashine haitalia hata siku moja."

"Na wewe ukiwa safarini?"

"Nitakuwekea simu hapo kitandani."

"Nimpigie nani?"

"Mimi."

"Si uko safarini?"

"Basi jirani."

"Jirani yupi? Nitajie mmoja."

Kijana wa watu alianza, "Yule wa geti jekundu..." Majirani zake wa kule anawajua kwa rangi za mageti yao.

Ndipo Bibi akasema kwa sauti ya chini, na ilibidi tusogee ukutani ili tumsikie: "Mimi sing'ang'anii chumba, mwanangu. Chumba chenyewe paa linavuja. Hapa nikikohoa vibaya, mtu anauliza."

Mwishowe walipatana. Ikiwa leo jibu litakuwa "Hakuna tatizo" kwa mara ya tatu, Bibi ataondoka na mwanae leo hii, bila kubishana tena. Sanduku lake limefungwa. Gari la mwanae ndilo lile lililoegeshwa nyuma ya la kwako, na kiti cha mbele kimeshawekewa mto.

Kule kuna volti na hakuna watu. Hapa kuna watu na hakuna volti. Sisi hatuna elimu ya udaktari, lakini tumekaa na Bibi muda wa kutosha kujua kwamba mapafu yake yanahitaji vyote viwili. Tunajua pia kwamba kupiga kelele dirishani siyo mfumo wa umeme. Tunaugua, tunasafiri, tunazikana, tunalala usingizi mzito. Siku moja namba itashuka na madirisha yote yatakuwa yamefungwa. Mwanae analijua hilo, na ndiyo maana hatuwezi kumlaumu.

TUWASHE MBELE YAKO

Kwa hiyo, Mgeni rasmi, kwa ruhusa yako tunaomba leo tukukosee adabu.

Tumejipanga kwa usalama. Bibi kwa sasa anavuta hewa ya mtungi, mashine imezimwa, na muuguzi wa zahanati ameketi naye chumbani mpaka tumalize. Friji zote na vyombo vyenye mota vimechomolewa, visije vikaumia. Fundi wako mwenyewe amesimama karibu na swichi kuu. Tulimwomba kabla ya kuanza, naye akakubali. Kila nyumba itawasha kile inachowasha kila jioni. Hatuongezi hata birika moja kwa ajili ya kukuonyesha. Leo ni siku ya mapumziko, kila mtu yuko nyumbani, na wenzetu wa nguzo zilizotangulia nao wanapika cha mchana, hivyo utaona jioni yetu kabla haijafika.

Tulifanya jaribio juzi. Kipaza sauti kilikufa katikati ya neno "tunaomba." Kwa sababu hiyo, sehemu ya mwisho ya risala hii imeandikwa kwa herufi kubwa, na msomaji amekunywa maji ya uvuguvugu tangu asubuhi ili sauti yake imtoshe.

(Hapa msomaji ainue kitambaa cheupe na kungoja. Mwenye pasi asiiache juu ya nguo. Injinia Bisibisi akae kwenye kiti chake.)

Ghorofa ya juu, washeni majiko yenu.

Ghorofa ya kati, pasi na mabirika.

Huku chini, washeni kama kila siku.

Mgeni rasmi, tazama namba. Sisi leo hatutaitangaza. Mpimaji ni wewe.

(Msomaji anyamaze mpaka Mgeni rasmi ainue macho. Asiendelee kabla.)

MAOMBI YETU, YA KUSOMWA BILA KIPAZA SAUTI

Mlio nyuma, sogeeni karibu. Watoto, sasa mnaruhusiwa kushuka kwenye ngazi.

Mgeni rasmi, namba uliyoiona mezani ndiyo Bibi anayoipumua kila jioni.

Tunaomba waya wetu uongezwe unene, au transfoma isogezwe upande wetu, au lolote ambalo wataalamu wako wataona linafaa. Hatuji kukufundisha kazi. Tunajua kuna bajeti, kuna taratibu, na kuna nguzo nyingine za mwisho zinazosubiri kama sisi. Hatuombi muujiza wa kesho. Kwa sasa tunaomba mafundi wako watufungie chombo chenu cha kurekodi volti, kikae hapa asubuhi na jioni, siku za kazi na za mapumziko, nasi tunaahidi kuishi mbele yake kama tunavyoishi, bila adabu yoyote. Kuhusu taa ya uwanja, tunaipokea kwa mikono miwili. Tunaomba tu, mpaka kazi ya waya ifanyike, iwe inawaka baada ya mapishi, maana nayo itakula kwenye sahani yetu ileile. Watoto wamekubali, baada ya mjadala ambao hatutausimulia.

Ombi lililobaki ni dogo, na hili ndilo hatuwezi kulisubiri.

Tulimwahidi Bibi kwamba safari hii mambo yatakuwa tofauti. Akatuambia, "Ninyi mnanipenda. Mtanidanganya tu nisihame." Mwanae naye anatutilia shaka kwa sababu hiyohiyo. Tumekaa tukafikiri, tukaona wana haki wote wawili. Sisi hatuwezi kuwa mashahidi wa jambo tunalolitaka kiasi hiki.

Wewe hujawahi kumwona Bibi. Huna sababu ya kumbembeleza. Wewe atakuamini.

Tunakuomba uinuke sasa hivi, kabla hatujazima, uvuke uwanja uende kwenye mlango wa pazia la buluu. Uko wazi. Usimwahidi kitu usichokuwa na uwezo nacho, maana mtu aliyekaa miaka yote hiyo kwenye simu anaijua ahadi ya bure kwa kuisikia pumzi yake. Mwambie tu umesoma ngapi. Itaje namba yenyewe, kwa sauti ya kumfikia na mwanae aliyesimama hapo. Baada ya hapo wataamua wenyewe, mama na mwana, na sisi tutaheshimu. Kama ataingia kwenye gari, tutambebea sanduku na mashine yake mpaka garini. Kama atabaki, tutamsaidia kulifungua sanduku. Lakini aamue akijua kwamba mtu mwingine mbali na sisi ameona.

Mungu akulinde barabarani, awalinde mafundi wako wanaopanda nguzo kwenye mvua ili sisi huku tuchemshe chai, na akujalie kila utakaporudi nyumbani ukute mtu wa kukuuliza umefikaje.

Tumeyasema haya kwa pamoja, na tutanyamaza kwa pamoja ili Bibi akusikie,

Wakazi na Wapimaji Umeme wa Nguzo ya Mwisho.